Umeambiwa Urudi Baada ya Mwaka

Mama wa Mboko, umepimwa shingo ya tumbo la uzazi, na karatasi inasema kwamba chembe zimebadilika kidogo. Umeambiwa urudi baada ya miezi 12. Pengine umefika nyumbani ukidhani kwamba utakufa. Pengine jirani amekutuliza akisema, "Mganga hakukupa dawa, basi huna ugonjwa, kwa nini utupe feza ya gari tena?" Mawazo yote mawili si ya kweli.

Kansa ya mahali hapo huletwa na virusi vya papiloma. Harald zur Hausen na wenzake huko Ujerumani walivipata ndani ya kansa hiyo mwaka 1983. Virusi hivi hupita kati ya mume na mke walalapo pamoja, na karibu watu wote hukutana navyo. Mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe katika miaka 2. Ndiyo sababu mganga hana haraka ya kukata wala kuchoma: mabadiliko madogo mengi hupona bila dawa. Lakini kwa wanawake wachache virusi hukaa, chembe huzidi kuharibika, na baada ya miaka 15 au 20 huwa kansa. Wewe u katika kundi gani? Kipimo cha pili ndicho kitakachoonyesha. Usingoje maumivu yakuambie, kwa maana wakati huo hakuna maumivu.

Mama mwenye virusi vya SIDA amwambie mganga waziwazi. Asipotumia dawa zake, kansa yaweza kuja katika miaka 5 hadi 10, basi tarehe zake huwa za karibu zaidi.

Na wewe baba, usimwulize mke wako, "Umevitoa wapi?" Virusi hukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Labda alikuwa navyo kabla hamjaoana. Labda ni wewe uliyemletea. Karatasi ya hospitali haiwezi kuamua shauri hilo, wala wazee hawawezi. Mume akianza ugomvi, mke ataificha karatasi, na mwenye kuificha karatasi harudi kupimwa. Afadhali uanze kuweka feza ya safari kidogo kidogo, siku ndagala zinapouzwa vizuri.

Kama ulipakwa siki na doa jeupe likaonekana, hiyo ni habari nyingine. Mara nyingi doa hilo hutibiwa siku ile ile kwa joto au kwa baridi kali. Ukiambiwa kwamba yafaa, kubali.

Usitie majani wala dawa ya soko ukeni; huumiza nyama, wala haifukuzi virusi. Tena ukiona damu baada ya kulala na mume, au damu baada ya hedhi kukoma, au maji yenye harufu mbaya, usingoje mwaka uishe. Nenda juma hilo hilo.

Kama ulipimwa Panzi, kule Bukavu, na mwaka ujao Nundu ni karibu kwako, uliza kwanza kama kipimo kile kile kinafanyika huko. Popote uendapo, chukua karatasi ya kwanza. Mganga asiyeiona hawezi kujua kama chembe zimepona au zimezidi.