Ucheleweshaji katika mifumo ya udhibiti

Ucheleweshaji katika mfumo wa udhibiti ni muda unaopita kati ya amri kutolewa na athari yake kuonekana. Mfano mzuri ni mto Pangani nchini Tanzania. Maji yanayofunguliwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu hupita kinamasi cha Kirua, kisha Korogwe, na huchukua siku kadhaa kufika kwenye mitambo ya umeme ya Hale (megawati 21, tangu 1964).

Tuseme maji yamepungua Hale na lango likafunguliwa. Siku ya pili hakuna badiliko, basi likafunguliwa zaidi. Maji yote hufika kwa pamoja na kuzidi. Lango likifungwa kwa hofu, upungufu hurudi. Mfumo huyumba, na kosa ni haraka tu, wala si uzembe.

Dawa rahisi ni kusahihisha kidogo kidogo na kusubiri, ingawa mfumo huwa mzito. Njia aliyoieleza Otto J. M. Smith mwaka 1957 ni bora zaidi: kuhesabu pia maji yaliyo njiani, na kutoa amri kulingana na hali itakayokuwepo yakifika. Lakini muda wa safari lazima ujulikane vema, na mto uliojaa haupiti Kirua kwa muda ule ule wa mto wa kiangazi.