Kilimi Hakina Hatia

Katika vijiji na miji mingi ya Kivu neno moja latia hofu moyoni mwa mama: kilimi. Mtoto mchanga akikataa ziwa, akikohoa anaponyonya, akitapika au akizidi kukonda, majirani husema upesi: «Ni kilimi, kikatwe.» Basi baba hutafuta feza, mama humfunga mtoto mgongoni, nao huenda kwa mtu mwenye wembe au kisu kilichopindwa. Leo twataka kulitazama jambo hili kwa utulivu, maana uhai wa watoto wetu umo ndani yake.

Kilimi ni nini? Ni kinyama kidogo kining'iniacho nyuma ya kinywa, mwishoni mwa kaakaa laini. Mungu hakukiweka pale bure. Tunapomeza, kaakaa laini hupanda pamoja nacho na kuifunga njia ya pua. Wakati uo huo kifuniko cha njia ya pumzi huinama, ili maziwa yaende tumboni wala yasiingie mapafuni. Mtoto mchanga yampasa kupatanisha kazi tatu: kunyonya, kumeza na kupumua. Huanza kumeza angali tumboni mwa mama, lakini kwa kawaida upatano wa kazi hizo tatu haukomai kabla ya juma la 34 la mimba. Ndiyo sababu azaliwaye kabla ya wakati hushindwa kunyonya. Kilimi chake hakina kosa.

Tena ziko sababu nyingine. Katika watoto 700 hivi wanaozaliwa, mmoja huwa na mdomo au kaakaa lililopasuka. Ikiwa ni kaakaa, maziwa hurudi puani. Mwingine ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa: shingo yake ni legevu, ulimi haumtii, naye hupaliwa mara kwa mara. Mwingine ana ugonjwa wa moyo: hutoka jasho na kuchoka kabla ya kushiba. Na mtoto aliyekuwa akinyonya vema, kisha akaacha ghafula, huenda ameshikwa na maambukizo makali. Huyo apelekwe kwa mganga siku ile ile, wala asingoje kesho.

Basi kumkata kilimi kwamfaa nini? Hakuna hata moja ya magonjwa hayo linaloponywa na wembe. Kinyume chake, damu hutoka nyingi, kidonda huoza, pepopunda huingia, na wembe uliotumiwa kwa watoto wengi waweza kupitisha virusi vya ukimwi. Hata yule asiyepatwa na hayo amepoteza siku ambazo zingemwokoa.

Mama afanye nini? Aangalie dalili hizi: kikohozi au midomo kuwa ya buluu wakati wa kunyonya, sauti yenye majimaji baada ya kumeza, kunyonya kwa muda mrefu bila kushiba, uzito usioongezeka, na ugonjwa wa mapafu urudiao mara kwa mara. Akiziona, aende kituo cha afya, aombe mtoto apimwe uzito na kutazamwa kinywani.

Mtoto asiyeweza kunyonya aweza bado kupata maziwa ya mama yake. Mama ayakamue katika kikombe safi, amweke mtoto wima kidogo, amguse mdomo kwa ukingo wa kikombe, amwache ayavute mwenyewe. Asimmiminie, na mtoto akianza kukohoa, angoje kwanza. Mtoto mdogo mno atalishwa hospitalini kwa mpira mwembamba, na kuwekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kama waganga wa Bogotá, huko Kolombia, walivyoanza kufanya mwaka 1978. Mdomo uliopasuka hushonwa katika miezi ya kwanza, na kaakaa yapata mwaka mmoja.

Tena wapo wanaomziba mtoto pua na kumnywesha uji kwa nguvu. Jambo hilo liachwe kabisa! Akitafuta pumzi, huuvuta uji mapafuni.

Akina nyanya na wazee washauriao kilimi kikatwe hawana chuki. Wampenda mjukuu, nao wapokea walichofundishwa. Basi tusiwadharau, bali tuwaeleze kwa heshima. Nanyi akina baba, feza mliyotaka kumpa mkata kilimi ndiyo nauli ya hospitali.

Kila tarehe 3 Februari Kanisa lamkumbuka Mtakatifu Blasio, askofu na shahidi, nasi twabarikiwa koo zetu kwa mishumaa miwili. Masimulizi yasema alimponya mtoto aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Tumwombe kwa imani, na baada ya sala tumpeleke mtoto kwa mganga, maana Mungu hutuokoa pia kwa mikono ya wale waliojifunza.