Ukinusurika ajalini, tunza kila karatasi ya hospitali

Wahenga walisema ajali haina kinga. Tuseme, msomaji, umeabiri matatu asubuhi ukienda kazini. Ghafla gurudumu linapasuka, gari linabingirika na kutua mtaroni. Unajikagua na kuona umechubuka goti tu. Unajipangusa vumbi, unamshukuru Mungu na kutafuta gari jingine usije ukachelewa kazini.

Hapo umekosea mara mbili. Umeikosea afya yako na umeikosea haki yako.

Mwili unaposhtuka hutoa adrenalini, na hiyo yaweza kuficha maumivu kwa muda. Wengu likipasuka huweza kuvuja damu tumboni polepole, hata kwa siku kadhaa, kabla ya mtu kuzirai. Aliyegonga kichwa naye anaweza kupiga gumzo kama kawaida, kisha baada ya saa chache aanze kutapika, kusinzia ovyo au kulegea mkono mmoja. Ukiona dalili hizo usingoje kesho, na usimeze tembe za maumivu ukalala. Nenda hospitalini.

Usitishwe na suala la pesa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inarudia jambo hilo. Hospitali, iwe ya umma au ya kibinafsi, haina ruhusa ya kukuacha ukivuja damu ikidai arbuni kwanza.

Sasa tuje kwa karatasi. Maelezo ambayo daktari aliandika siku ile ya kwanza ndiyo shahidi wako mkuu. Ukienda kutibiwa baada ya wiki mbili, wakili wa kampuni ya bima atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama hukuanguka bafuni. Weka kadi ya matibabu, picha za eksirei na kila risiti: ya dawa, ya magongo, hata ya teksi ya kukupeleka kliniki. Mahakama zetu hazilipi gharama kwa kukisia. Pesa ulizotumia sharti zitajwe kwenye madai na zithibitishwe. Risiti ya Sh800 uliyotupa ni Sh800 ulizotupa.

Piga ripoti kwa polisi, hata kama dereva anakusihi mmalizane kando ya barabara. Sheria ya Trafiki inamtaka yeye mwenyewe aripoti ajali iliyomjeruhi mtu katika muda wa saa 24. Hakikisha jina lako limeandikwa katika kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB, kisha uombe abstrakti ya polisi. Ndiyo huonyesha nambari ya gari, kampuni ya bima na kwamba wewe ulikuwa mmoja wa waliojeruhiwa. Neno hilo la mwisho lina uzito, maana kuna ajali ambapo matatu ya abiria 14 huzaa wadai 30. Wadanganyifu hao ndio huwafanya wenye bima kumtilia shaka hata aliyevunjika mbavu kweli.

Bima ya lazima, iliyo chini ya Sheria Sura ya 405, humlinda abiria anayelipa nauli na anayetembea kwa miguu. Malipo yake kwa mtu mmoja hayazidi Sh3 milioni. Hukumu ikipita hapo, kilichobaki unamdai mwenye gari. Lakini jihadhari na lifti. Sheria hiyo haimlazimishi mwenye gari la kibinafsi kuwakatia bima watu aliowabeba bure. Rafiki akigonga mti kwa uzembe wake, huenda ukalazimika kumshtaki rafiki mwenyewe. Kumbuka pia kwamba ukiwa hukufunga mshipi, mahakama yaweza kukupunguzia fidia kwa kuwa ulichangia kuumia kwako.

Jirani yangu mmoja mtaani Umoja alivunjika mfupa wa paja, akatiwa chuma. Akiwa angali wodini, alijiwa na kijana nadhifu mwenye mkoba aliyemwahidi hundi ya haraka. Akatia sahihi. Pesa zilitosha kodi ya nyumba ya miezi michache. Mwaka uliofuata daktari alimwambia chuma sharti kitolewe, naye akaenda kudai gharama za upasuaji. Ndipo aliposomewa kile alichotia sahihi: kwamba amelipwa kikamilifu na hana dai tena dhidi ya mwenye gari wala bima.

Kwa hivyo usitie sahihi kabla daktari hajaandika ripoti inayosema umebaki na kilema kiasi gani na utahitaji matibabu gani baadaye. Kampuni ya bima ikitaka uonwe na daktari wake pia, nenda. Ni jambo la kawaida. Madalali wanaozunguka wodini wakitafutia mawakili kazi wafukuze. Na wakili akikwambia mtagawana fidia kesi ikishinda, mjue nyote wawili kuwa Sheria ya Mawakili haitambui mkataba wa namna hiyo.

Kupata hukumu ni jambo moja, kulipwa ni jingine. Kampuni ya United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2005, na Blue Shield mwaka wa 2011, na majeruhi wengi waliokuwa na hukumu mkononi wakabaki wakizitazama tu.

Muda nao haukungoji. Una miaka 3 tangu siku ya ajali kufika kortini. Likiwa ni gari la serikali, una miezi 12 pekee. Na kama aliyekuwa garini alifariki, familia ina miaka 3 tangu siku ya kifo. Mjane au mzazi ahifadhi stakabadhi za mazishi, jeneza na usafiri, kwani nazo hudaiwa.