Utangulizi wa Kuona Majini kwa Asiyeona Mbali

Nimeuandika utangulizi huu kwa ajili yako usiyeweza kusoma kibao cha daladala bila miwani, na ambaye siku ya kwenda Chemka na wenzako unaiacha miwani hiyo kwenye begi na kuingia majini huoni hiki wala kile. Kutoka kwetu Kimandolu, Arusha, hadi chemchemi hizo za Chemka, ziitwazo pia Kikuletwa, ukishapita Boma Ng'ombe, si safari ya kutisha. Maji yake ni maangavu, mizizi ya miti inaonekana ikishuka humo, na samaki wadogo huja kudonoa miguu ya waogeleaji. Wenzako wanawaona samaki hao. Nataka nawe uwaone.

Tuanze na jicho. Mwanga unapoingia humo hupindwa mara mbili: kwanza na konea, yaani kile kioo hai kilicho mbele kabisa ya jicho, kisha na lenzi iliyo nyuma ya mboni. Hupindwa ili ukusanyike juu ya retina, utando wa nyuma unaopokea taswira. Kwa mtu mwenye miopia, yaani asiyeona mbali, mara nyingi jicho limerefuka kupita kiasi, kwa hiyo mwanga hukusanyika kabla haujaifikia retina. Miwani yake, yenye namba za kutoa, huutawanya kidogo ili ufike mahali pake.

Namba hizo ni za daiopta, kizio cha kupimia nguvu ya lenzi. Hesabu yake ni nyepesi. Gawanya 1 kwa namba yako, bila kujali alama ya kutoa, na jibu ni umbali wa mwisho, kwa mita, ambao unaona vizuri bila miwani. Mwenye −2 anaona vizuri hadi nusu mita. Mwenye −4, hadi robo mita. Nakuomba uifanye hesabu hii kwa namba yako sasa hivi, maana tutaihitaji.

Sasa tuingie majini. Nguvu ya jicho zima ni takriban daiopta 60, na kati ya hizo konea peke yake ina kama 43. Nguvu hiyo inatokana na hewa iliyo mbele yake, kwa kuwa mwanga hupinda unapotoka kwenye hewa na kuingia kwenye konea. Maji na konea hupitisha mwanga karibu sawa, hivyo ukifumbua macho majini, konea inabaki kama haipo. Mwaka 1801 Mwingereza Thomas Young aliutumia ukweli huu kwa ustadi mkubwa: alitia jicho lake mwenyewe kwenye maji ili kuiondolea konea nguvu, akathibitisha kwamba si konea inayotuwezesha kubadili mtazamo kutoka mbali kuja karibu. Kazi hiyo ni ya lenzi ya ndani.

Huenda unajiuliza: kama jicho langu lina nguvu ya ziada, je, maji hayatanisaidia kwa kuipunguza? Ni swali zuri, lakini maji hupunguza mno. Tuseme una ziada ya daiopta 4; maji yanakunyang'anya karibu 40. Ndiyo maana kila mtu, hata mwenye macho mazima, huhitaji hewa mbele ya macho yake akiwa majini, na miwani ya kuogelea kwanza kabisa ni kifaa cha kubeba hewa hiyo.

Hewa hiyo iko nyuma ya kioo bapa, na hapo pana zawadi ndogo. Ukitazama kupitia kioo hicho, vitu vilivyo majini huonekana viko karibu zaidi kwa robo ya umbali wake. Rudi kwenye hesabu yako: mwenye −1, ambaye nchi kavu anaona vizuri hadi mita 1, majini atakiona vizuri kitu kilicho mita 1.33 mbele yake. Mwenye namba ndogo hivyo anaweza kutosheka na miwani ya kawaida ya kuogelea. Wewe mwenye −3 au −5 unahitaji lenzi za namba. Chagua zilizo bapa kwa nje, mchongo wake ukiwa upande wa jicho. Hizo hazibadiliki nguvu zinapogusa maji.

Karatasi yako ya vipimo inaweza pia kuwa na silinda, yaani kipimo cha astigmatizimu, hali ya jicho kuupinda mwanga zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Miwani ya dukani haina silinda. Chukua nusu ya silinda uijumlishe na namba kuu: −3.50 yenye silinda ya −1.00 inakuwa −4.00. Jibu likiangukia kati ya namba mbili zilizopo, chukua iliyo dhaifu, kwa sababu lenzi kali kupita kiasi huchosha jicho. Ukipita −6, au silinda ikizidi 2, usikisie. Muone mtaalamu wa optometria, yaani mpimaji wa macho. Hospitali ya KCMC pale Moshi imekuwa ikiwafunza wataalamu hao.

Usiogelee na lenzi za kuvaa jichoni. Kwenye maji, hata ya bomba, huishi kijidudu kiitwacho akanthamiba. Kikinaswa chini ya lenzi kinaweza kuila konea, na tiba yake huchukua miezi.

Ukienda kisiwani Mnemba au Mafia kutazama matumbawe, nunua barakoa ya kuzamia, ile inayofunika na pua. Kadiri unavyoshuka, maji hukandamiza hewa iliyo mbele ya macho, na unapaswa kuiongeza kwa kupuliza kupitia puani. Miwani ya kuogelea haikupi nafasi hiyo, na huweza kupasua vijishipa vya jicho. Barakoa yenye vioo viwili tofauti ndiyo inayokubali kubadilishwa lenzi, kila jicho na namba yake. Miwani yako ya kawaida haiwezi kuvaliwa ndani yake, kwani mikono yake itapitisha maji.

Kabla ya kulipa, iweke barakoa usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, kisha achia mikono. Ikidondoka, jaribu nyingine, hata kama namba yake ndiyo hasa uliyokuwa ukiitafuta.