Fahamu: Kwa nini barua pepe za kampuni hazifiki

Kampuni ya Uvira yenye jina la kikoa linaloishia .cd, kikoa cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inaweza kuwa na seva nzima, umeme upo, na barua pepe zisifike. Rekodi ya MX, inayoonyesha seva ya kupokea barua, ikielekeza kwenye seva ya zamani, oda za wateja wa Bujumbura hupotea. Rekodi ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako, ikikosekana, barua zako zinaweza kuangukia kwenye folda ya barua taka. Angalia pia kama jina la kikoa limelipiwa. Hata taifa huponyokwa: mwishoni mwa 2020, scpt-network.com, jina lililotumiwa na mojawapo ya seva za majina za kikoa kizima cha .cd, liliachwa likaisha muda. Bahati nzuri, aliyelidaka ni mtafiti wa usalama, Fredrik Almroth wa Detectify, akatoa taarifa. Ukisahihisha rekodi, vuta subira: seva nyingine hukumbuka anwani ya zamani kwa saa kadhaa.