Kosa la Mtumiaji au Kosa la Programu? Funzo Kutoka kwa Mashine ya Therac-25

Kosa linapotokea mtumishi wa afya akiwa mbele ya kompyuta, swali la kwanza huwa: ni nani aliyekosea? Swali hilo peke yake halitoshi. Ni lazima pia kuuliza iwapo programu aliyopewa ilimsaidia kuitambua hatari au ilimficha. Historia ya mashine ya Therac-25 inaonesha kwa nini swali hili la pili huweza kuokoa maisha.

Therac-25 ilikuwa mashine ya tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani, iliyotengenezwa nchini Kanada. Iliweza kutoa mionzi ya elektroni kwa uvimbe ulio karibu na ngozi, na mionzi ya eksirei kwa uvimbe ulio ndani zaidi. Mashine iliyoitangulia ilikuwa na vizuizi vya usalama visivyotegemea kompyuta. Katika Therac-25, sehemu kubwa ya ulinzi huo iliachiwa programu. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipata mionzi iliyozidi mno kiwango walichoandikiwa, na baadhi yao walifariki.

Mnamo Machi 1986, katika kituo kimoja cha saratani mjini Tyler, Texas, mwendeshaji mzoefu wa mashine hiyo aliandika herufi ya eksirei badala ya ile ya elektroni. Aligundua kosa lake, akalisahihisha haraka. Skrini ilionesha maelekezo sahihi. Lakini mashine, iliyohitaji takriban sekunde 8 kupanga sumaku zake, haikuyatambua mabadiliko hayo. Mionzi ilipowashwa, mashine ilisimama na kuandika "Hitilafu 54". Ujumbe huo haukueleza hatari yoyote, na skrini ilionesha kwamba mgonjwa amepata dozi pungufu. Kwa kuwa mashine ilikuwa na kawaida ya kusimama kwa hitilafu ndogondogo, mwendeshaji alibonyeza herufi P ili kuendelea. Mgonjwa alipigwa na mionzi mara ya pili alipokuwa akijaribu kuinuka kitandani. Alifariki miezi michache baadaye.

Mashine ilikaguliwa, tatizo halikuonekana, ikarudishwa kazini. Mwezi uliofuata mgonjwa mwingine aliumia papo hapo, kwa namna ileile. Ndipo mwanafizikia wa kituo alipoketi na mwendeshaji huyo, wakarudia hatua zake moja baada ya nyingine, mpaka ujumbe ule ukatokea tena. Siri ilikuwa kasi: aliyeandika polepole hakuweza kuiona hitilafu, aliyeizoea kazi yake aliiona.

Mkasa huu una mafunzo matatu kwa wanaotengeneza na kununua programu za afya. Kwanza, ujumbe wa hitilafu hauna budi kusema kwa lugha ya mtumiaji ni jambo gani limetokea, lina hatari gani na afanye nini. Pili, tahadhari zinazotokea kila mara bila sababu ya msingi huzoeleka, na hatimaye ile ya kweli hupuuzwa pamoja na nyingine. Tatu, programu ijaribiwe na watumishi wenyewe, kwa kasi na msongamano wa kazi zao za kila siku, wala si na waliyoiunda peke yao.

Mtumishi wa afya naye ana wajibu wake. Programu inapofanya jambo asilolitarajia, aandike ujumbe aliouona, saa, na hatua alizopitia, kisha atoe taarifa hata kama hakuna aliyedhurika.

Mgonjwa pia ana nafasi yake. Katika tukio la kwanza, Juni 1985, mgonjwa alilalamika hapohapo kwamba ameunguzwa, akajibiwa kuwa jambo hilo haliwezekani. Malalamiko yake yalikuwa ya kweli. Maneno ya mgonjwa yanapopingana na skrini, kinachostahili kusimamishwa na kuchunguzwa kwanza ni mashine.