Taraza za Mbao Katika Kuta za Lipu Kongwe

Istilahi ikikosewa katika mkataba wa ujenzi, hasara haiishii kwenye karatasi. Tuchukue neno "plasta", ambalo hutumiwa kwa lipu ya saruji na kwa lipu ya chokaa vilevile. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Lipu ya chokaa ni laini, nayo huuacha unyevu wa ukuta utoke. Saruji ni ngumu, huufungia unyevu ndani hata lipu ya jirani ikabanduka. Kwa hiyo mfasiri aandike kila mara "lipu ya chokaa" au "lipu ya saruji", na "plasta" aiache.

Neno la pili ni jina la zile mbao nyembamba zinazozunguka milango na madirisha, au kupita chini ya ukuta. Ile ya chini mafundi huiita "skatingi". Jina la jumla halijatulia. Sisi tunapendekeza "taraza", yaani upindo unaoshonwa kwenye ukingo wa nguo, kwa kuwa kazi ya mbao hizi ni hiyo hiyo: kufunika mshono na kupamba.

Kuhusu kazi yenyewe, maelezo yaanze na ukaguzi. Fundi aigonge lipu kwa kifundo cha kidole. Ikitoa sauti ya uwazi, imekwisha kuachana na jiwe, na itengenezwe kwanza. Adui mkubwa ni nyundo, kwani mtikiso wake huitenga lipu na ukuta hata pasipoonekana ufa. Badala ya misumari zitumike parafujo (fundi huziita skrubu, na yafaa majina yote mawili yaandikwe). Tundu litobolewe taratibu kwa kekee, lipenye lipu hadi kwenye jiwe, na kigingi kikae ndani ya jiwe. Lipu haibebi mzigo.

Ukuta wa kale aghalabu haukunyooka. Basi mgongo wa taraza ndio uchongwe kuufuata ukuta. Ikivutwa kwa nguvu ya parafujo, itapasuka mbao au lipu. Kitenzi "kaza" kisifuatwe na "sana". "Kaza hadi ishike" yatosha.

Nafasi inayobaki hujazwa chokaa laini iliyorowekwa, kisha ukuta hupakwa niru, yaani chokaa iliyokorogwa kwa maji. Hatuoni sababu ya kuliacha neno hili na kuandika "rangi nyeupe", maana fundi aweza kuleta rangi ya mafuta, nayo huziba unyevu kama saruji.